Mkwawa wa Jukwaani: Namna ya Kuhakiki Mchezo wa Kuigiza Kuhusu Kiongozi

Hotuba kwa wanafunzi wa fasihi na sanaa za maonyesho, Iringa

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, nanyi wanafunzi mliotoka Mafinga, Makambako, Mbarali, Mbeya na hapa Iringa mjini: kamwene!

Kesho mtatazama mchezo wa kuigiza kuhusu Mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, Mkwawa, na kila mmoja wenu atauandikia uhakiki. Kabla hamjashika kalamu, tukubaliane ni nani hasa anayehakikiwa, maana kesho watakuwepo akina Mkwawa watatu. Wa kwanza aliishi: Mkwavinyika mwana wa Munyigumba, aliyetawala Uhehe akiwa Kalenga na akafa Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Wa pili yumo katika maandishi ya mtunzi. Wa tatu ni kijana atakayepanda jukwaani, mwenye sauti yake na mabega yake, aliyevaa maleba aliyoshonewa na kusimama pale mwongozaji alipomwelekeza. Huyu wa tatu ndiye mnayemhakiki. Wale wawili ni lazima mwafahamu, lakini ushahidi wenu wote utoke kwake. Kazi nyingi za wanafunzi huharibikia hapa: mtu anamtazama wa tatu, ananukuu maneno ya wa pili, halafu anamhukumu wa kwanza.

Chanzo cha kosa hilo ni sisi walimu. Darasani tumewazoeza fani na maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Kwa kitabu kilichofunguliwa mezani, ambacho unaweza kurudi ukurasa wa 12 ukahakikisha, utaratibu huo unafaa sana. Onyesho halirudi nyuma. Lililopita limepita, na lililobaki ni ulichokiona na kukiandika. Mwanafunzi anayeingia ukumbini na orodha yake ya darasani hutoka na "uzalendo, usaliti, nafasi ya mwanamke katika jamii", vitu ambavyo angeviandika akiwa bwenini. Kipimo ninachowapa ni hiki: funika jina la kikundi na tarehe ya onyesho, kisha soma ulichoandika. Kama kingefaa kwa kikundi chochote kilichowahi kuigiza kisa hicho, hujahakiki bado.

Tuanze na maandalizi. Andaa ukurasa mmoja wa historia, usizidi. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani likiongozwa na Emil von Zelewski lilivamiwa na Wahehe Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka mbele ya Gavana Friedrich von Schele, Mkwawa akaponyoka. Mwaka 1896 Wajerumani walianzisha mji huu tulimokaa. Mwishoni mwa mwaka huo walimweka Mpangile, nduguye Mkwawa, kuwa mtawala, na Februari 1897 wakamwua. Mkwawa aliwindwa porini hadi Julai 1898, akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Lilifika Kalenga tarehe 9 Julai 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining na kupokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake.

Ukurasa huu si rungu la kumpigia mtunzi. Mwanafunzi anayeandika "mtunzi amekosea, Mpangile hakusema hivyo" amepoteza wino wake, kwa sababu hakuna aliyekaa pembeni kuandika alichosema Mpangile. Kazi ya tarehe ni kukuonyesha mtunzi amechagua nini na ameacha nini, na chaguo kubwa kuliko yote ni mahali pa kukomea. Mchezo unaokomea Lugalo ni mchezo wa ushindi. Watazamaji watatoka wakiimba. Unaokomea Kalenga ni wa dola inayobomoka, na swali lake ni nani alizembea. Ukikomea Mlambalasi, mtu mmoja anabaki peke yake na uamuzi wake. Ukisogea hadi 1954, mambo yanageuka kabisa: jukwaani kuna fuvu na gavana wa Kiingereza, wananchi wamejipanga, na mkoloni mmoja anarudisha kilichochukuliwa na mkoloni mwingine. Mwongozaji atamweka wapi Twining? Katikati, akitoa hotuba, huku Adam Sapi akiwa pembeni? Au pembeni, watu wakimpa mgongo na kulielekea fuvu? Hicho ndicho kitu cha kuandika. Kwa hiyo baada ya onyesho jiulize kwanza: limeanza mwaka gani, limekomea wapi, na uchaguzi huo umefanya tumwone kiongozi huyu vipi?

Kuna jambo ambalo wanafunzi wa Mbarali na Mbeya mnalifahamu kuliko sisi wa huku. Wahehe na Wasangu walipigana miaka mingi. Merere, mtawala wa Usangu, alisukumwa hadi Utengule, karibu na Mbeya ya leo, na Wasangu wakaja kuwa upande wa Wajerumani. Mchezo unaomwonyesha Mkwawa kama ngao ya Waafrika wote dhidi ya wageni unapochezwa Rujewa, kwa Wasangu, unasikika tofauti na unapochezwa Kalenga. Mhakiki mzuri hutafuta jirani huyu jukwaani. Je, Merere ametajwa? Ametajwa kama msaliti tu, au amepewa sababu yake? Vivyo hivyo kwa Mpangile. Akiingia anacheka kwa hila, amekunja uso tangu mstari wa kwanza, mtunzi au mwigizaji ameshamhukumu kabla hatujamsikiliza, na Mkwawa mwenyewe anapungua kwa hilo, kwa kuwa kumshinda mjinga si kazi.

Ukumbini fika dakika 20 kabla. Usikae mstari wa mbele: utaona nyuso lakini hutaona miguu, wala hutaona watu walivyopangwa. Mstari wa nne au wa tano, katikati, unatosha kwa bwalo la kawaida la shule. Ukibahatika kutazama mara mbili, mara ya pili kaa nyuma kabisa kwa dakika 10 za mwanzo ujue kama sauti inafika. Chukua penseli mbili na daftari dogo la mistari. Simu izimwe, hata ile ya kuandikia, kwa sababu mwanga wake humvuruga mwigizaji na jirani yako. Gizani andika herufi kubwa, mstari mmoja kwa jambo moja, bila kutazama daftari. Ukurasa wa kushoto uwe wa ulichokiona na kukisikia. Wa kulia uwe wa ulichohisi au kujiuliza. Usivichanganye. Ukiandika "alitisha" upande wa kushoto, kesho yake hutakumbuka alifanya nini hata akatisha. Andika "alisimama kimya, akavua kilemba, akamkabidhi mtoto", na neno "inatisha" liende kulia. Kila onyesho, yaani sehemu ndogo ya mchezo, likibadilika, piga mstari na andika namba. Maneno 80 hadi 100 ya namna hiyo kwa saa moja na nusu yanatosha. Ukiandika zaidi, unaandika badala ya kutazama.

Sasa jukwaa lenyewe, na hapa nitakaa, maana ndipo uhakiki wa mchezo wa kiongozi unaposimama au kuanguka. Mtawala hajijengi jukwaani peke yake. Wanaomzunguka ndio wanaomjenga. Mwigizaji anaweza kupaza sauti, kutoa macho na kugonga fimbo chini, lakini kama vanzagila wake, yaani wakuu walio chini yake, wamesimama mikono ikining'inia, mmoja anajikuna shingo na mwingine anatafuta mama yake kati ya watazamaji, hapo hakuna Mtwa. Kuna kijana anayepiga kelele. Akiingia bila neno, watu kumi wakaacha walichokuwa wakifanya, njia ikafunguka na magoti yakainama, utawala umeonekana kabla hajatamka chochote. Kwa hiyo kiongozi akiingia, usimtazame yeye kwanza. Tazama miguu ya wengine. Nani alisogea? Nani alibaki palepale, na je, kubaki kwake kuna maana? Kati ya Mtwa na mtu wa karibu kuna hatua ngapi?

Hatua hizo zihesabu kweli, kisha ufuatilie zinavyobadilika. Tuseme kabla ya Lugalo hakuna anayemkaribia chini ya hatua tano. Baada ya Kalenga kuanguka, watu wanabaki watatu na wanakaa naye bega kwa bega kwenye moto. Hapo mwongozaji ametusimulia kuvunjika kwa dola bila mtu kusema "dola imevunjika". Kama umbali ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyewindwa porini karibu miaka minne bado amekalishwa kwenye kiti kilekile kilichofunikwa kitenge, hilo ni kosa unaloweza kulithibitisha, na liandike hivyo. Kiti cha plastiki si kosa. Kikundi hucheza kwa kilichonacho. Kosa ni kiti kisichobadilika wakati kila kitu kingine kimebadilika.

Tazama pia Wajerumani. Vikundi vingi vya shule huwapaka waigizaji chaki au unga usoni na kuwafanya waongee Kiswahili cha kuchekesha. Ukumbi unacheka, na ukumbi ukishacheka mara tatu, adui hana hatari tena. Ushindi wa Lugalo unakuwa wa bure na anguko la Kalenga linakosa sababu. Ukikuta hivyo, usiandike tu kwamba vichekesho vilizidi. Taja kicheko kilitokea kwenye tendo gani, na tendo lililofuata liliumia vipi. Jambo jingine huachwa mara nyingi: sehemu kubwa ya jeshi la Zelewski walikuwa askari Waafrika, wakiwemo Wasudani, chini ya maofisa wachache Wajerumani. Kama jukwaani askari wote ni "wazungu", mchezo umejiepusha na swali gumu kuliko yote. Kama askari hao wapo na wana sauti, hata mistari miwili, mtunzi amefanya kazi ambayo historia za darasani haziifanyi kila mara, na anastahili kusifiwa kwa jina.

Vita ni tatizo la kiufundi. Mapigano ya Lugalo yalikuwa ya kuvizia, ya muda mfupi; jukwaani huwa ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, vijana 20 wakikimbia huku na huku, vumbi, mikuki ya mbao ikigongana, na hakuna anayejua nani kafa. Pima muda kwa saa ya mkononi. Vita ikizidi dakika tatu, jiulize kila dakika iliyoongezwa imetupa habari gani mpya. Mara nyingi vikundi vinavyofanya vizuri huiweka vita nje ya jukwaa: tunasikia sauti, tunamwona mama anayesikiliza, halafu mjumbe anaingia akihema. Mlio wa risasi nao una mitego. Ukitoka kwenye spika huchelewa, mwigizaji anaanguka kwanza na mlio unafuata. Hilo hutokana na fundi wa sauti kukaa mahali asipoiona sehemu ya tukio. Andika kosa pamoja na chanzo chake, ili kikundi kijue cha kurekebisha.

Kifo cha Mlambalasi kichunguzeni kwa utulivu. Wengi humwonyesha Mkwawa akifa peke yake baada ya hotuba ndefu kwa taifa. Waliofika pale walikuta miili miwili: wa Mkwawa, na wa kijana aliyekuwa naye. Mtunzi anayemwondoa kijana huyo anapata shujaa safi, lakini anapoteza swali zito la kile ambacho kiongozi anakidai kwa wanaomfuata hadi mwisho. Mimi naona kijana huyo anahitajika jukwaani. Wewe unaweza kuona vingine, mradi ueleze onyesho ulilotazama limefaidika nini kwa kumwacha. Kuhusu hotuba ya mwisho, hesabu mistari. Mtu aliyechoka, mgonjwa, anayesikia nyayo za wanaomwinda, hasemi insha. Mwigizaji akilazimika kusema mistari 30 hapo, pumzi yake inakuwa ya jukwaani na mwili wake hauonyeshi uchovu wowote. Hapo lawama ni ya maandishi, usimtwishe mwigizaji.

Kutenganisha lawama ni nusu ya haki katika kazi hii. Neno lisiposikika, sababu ziko nne tofauti: mwigizaji anameza silabi za mwisho, anaongea akiwa amewapa watazamaji mgongo, jambo ambalo ni la mwongozaji, bwalo lina mwangwi kwa sababu kuta ni tupu na paa ni bati, au mvua imeanza. Huku kwetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua juu ya bati hufuta sauti yoyote. Mvua haihakikiwi. Kinachohakikiwa ni kikundi kilivyoikabili: walisogea mbele, walisubiri, walipunguza mistari wakaongeza ishara, au waliendelea kufungua midomo kana kwamba tunasikia? Umeme ukikatika ni vilevile.

Lugha nayo iwe sikioni. Maneno ya Kihehe yakiingia ndani ya Kiswahili, angalia yanakuja wakati gani. Yakija kwenye salamu na nyimbo tu, ni mapambo. Yakija pale Mkwawa anapoongea na mama yake au anapotoa amri ambayo askari wa kigeni haelewi, yamefanya kazi. Angalia pia kama watazamaji wasiojua Kihehe walielewa kwa tendo. Siyo lazima waelezwe kila neno.

Swali jingine ambalo hujibiwa haraka mno: nani mhusika mkuu? Wanafunzi hujibu kwa kutazama jina la mchezo. Kumbukeni tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuchapishwa mwaka 1963, ya Julius Caesar. Kiongozi mwenye jina la mchezo anauawa katika sehemu ya tatu kati ya tano, na anayebeba mzigo wa maamuzi ni Brutus. Hata hivyo Kaizari anaendelea kutawala mchezo akiwa maiti. Kwa Mkwawa fanya hesabu: yuko jukwaani kwa maonyesho mangapi kati ya yote, na katika yale asiyokuwemo, nani anamtaja? Huenda ukagundua kwamba mchezo ni wa wanaomwogopa kuliko wake mwenyewe.

Wengine wenu baadaye mtahakiki michezo kuhusu viongozi ambao sauti zao bado zinakumbukwa. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na redio bado hurusha hotuba zake. Kila mtazamaji anaijua sauti ile. Mwigizaji akiiga vizuri, ukumbi hupiga makofi, lakini makofi ya kuiga si makofi ya kuigiza. Angalia kama baada ya dakika mbili watazamaji wamesahau uigaji na kuanza kumsikiliza mtu mwenye uamuzi mbele yake. Hapa Iringa pia kuna tukio la Isimani, tarehe 25 Desemba 1971, alipouawa Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu. Mchezo kuhusu jambo kama hilo una familia zilizo hai pande zote. Usiandike kama ukweli jambo ulilolisikia jukwaani tu. Andika "katika mchezo, mkuu wa mkoa anasema". Maneno hayo mawili ya mwanzo yanamlinda mhakiki, na yanamtendea haki marehemu. Wala usitumie uhakiki kumsifu au kumsema kiongozi wa leo kwa mlango wa nyuma. Kama mwongozaji amefanya hivyo, eleza alivyofanya, kwa maleba gani au kwa mstari gani, na mashaka yako uyaseme wazi.

Kuandika. Usiku uleule wa onyesho, kabla ya kulala, tumia nusu saa kunyoosha maandishi yako, kwa sababu mwandiko wa gizani kesho yake hausomeki. Usijadiliane na wenzako kabla ya hapo. Mkijadiliana, wote mtaandika uhakiki mmoja. Kesho yake andika maneno 700. Kisa kisizidi maneno 100, nami nitakata alama kwa kila neno la ziada, kwa kuwa kusimulia kisa ndiko kunakomeza nafasi ya mengine. Maneno 350 au zaidi yawe ya jukwaani: chagua matukio matatu tu na uyachambue hadi mwisho. Historia na uchaguzi wa mtunzi vipate 150. Yaliyobaki ni utangulizi wenye jina la mchezo, mtunzi, mwongozaji, kikundi, mahali na tarehe, pamoja na hukumu yako.

Sentensi "Mkwawa ameigizwa vizuri sana" haimsaidii yeyote, hata aliyesifiwa. Iandike hivi, kama ndivyo ulivyoona: "Anapoletewa habari kwamba Kalenga imeanguka, hageuki, anaendelea kukaza mshipi wake, mara mbili, ingawa ulikuwa umeshakazwa." Msomaji ameona, na ataamini ukimwambia kwamba mwigizaji huyo anajua kazi yake. Sifa ipewe ushahidi uleule unaodaiwa kwa lawama. Mkiwa mnawahakiki wanafunzi wenzenu hilo ni gumu, najua, kwa sababu mtakula nao bwalo moja jioni hiyohiyo. Ndiyo maana nasisitiza matendo. Mtu anaweza kukasirishwa na "hajui kuigiza". Akiambiwa "katika onyesho la nne alitazama sakafu kila alipozungumza na Schele", ataenda kujaribu kuinua macho.

Ukimaliza, hakikisha majina na miaka kwenye ule ukurasa wako, kisha msomee mtu ambaye hakuwepo. Akikuuliza "kwani ilikuwaje pale?", sehemu hiyo haijaiva, irudie. Uhakiki ukishabandikwa ubaoni na kikundi kikakujibu kwamba umekosea jambo la hakika, lisahihishe kwa maandishi palepale ubaoni. Kikikujibu kwamba umekuwa mkali, usibadilishe neno, ila rudi ukatazame onyesho lijalo.

Onyesho la kesho linaanza saa 9 alasiri. Walimu wa kila shule watagawa daftari mlangoni, na baada ya onyesho mwongozaji amekubali kujibu maswali kwa dakika 30. Njooni na maswali kuhusu mlichokiona. Rasimu zenu zinapokelewa keshokutwa kabla ya saa 4 asubuhi, zikiwa pamoja na kurasa za penseli zilizoandikwa gizani, kwa kuwa hizo nazo nitazisoma.